Keki ya Sura ya Saba

Jikoni kwa Bi Mwatima hapana saa, na haijapata kuwapo. Wapishi wengine wa Shumba Viamboni hutazama simu, wengine hutazama kivuli, wengine hubahatisha tu na Mungu akawasitiri. Bi Mwatima hupikia kitabu. Mayai ya keki hupigwa kurasa nne. Siagi na sukari kurasa mbili, tatu ikiwa siagi ngumu. Keki yenyewe, ikishapaliwa makaa chini na makaa juu ya bati, hukaa motoni sura ya saba nzima, tangu baharia wa kitabuni anaposhuka melini mpaka yule msichana anapokubali kuipokea barua yake. Msomaji akifika kwenye barua, bati hufunuliwa.

Kitabu ni kile kile miaka yote, riwaya ya mapenzi isiyo jalada, maana jalada lililiwa na mbuzi. Husomwa mara moja kwa mwaka, siku ya mwisho ya mfungo, siku ya kuoka vya Idi. Msomaji ni mwenye nyumba, Mzee Khatib, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kutosha shule mbili. Watu wakimuuliza inakuwaje mtu mzima na saumu yake anasoma habari za mapenzi, hujibu kwamba khitma alishaimaliza, na kwamba hao wa kitabuni wanaoana sura ya kumi na mbili, kwa hiyo mapenzi yao ni ya halali.

Mwaka huu sauti ikamtoka. Imamu alisafiri, Mzee Khatib akasimamisha tarawehe mwezi mzima peke yake, na mwezi wenyewe ukakataa kuandama siku ya ishirini na tisa. Asubuhi ya siku ya thelathini alifungua kinywa amwite mkewe, ukatoka upepo.

"Sema basi," Bi Mwatima alimwambia.

Mzee Khatib alitikisa kichwa, akachukua daftari na kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, akaandika: *Imekwenda.*

"Imekwenda! Na keki ya kesho itasomewa na nani?"

Binti yao Nadhira, aliyekuwa chini jikoni akichekecha unga, aliinamisha uso. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio tangu daku, na si kwa ajili ya sauti ya baba yake.

Ukoo wa Bi Mwatima una jambo lake. Kwao jibu la posa halisemwi kwa mdomo. Linapelekwa Idi mosi, kwenye sinia. Aliyekataliwa hupelekewa biskuti, tena nzuri, zimepangwa vizuri, mtu asije akasema ametupwa. Aliyekubaliwa hupelekewa keki nzima isiyoguswa kisu. Na keki hiyo lazima ikorogwe na mkono wa mposwa mwenyewe. Mzee Khatib ndiye walii, lakini alishasema zamani kwamba yeye atamwozesha yule itakayemwendea keki, na kwamba keki ni ya mama mtu.

Posa zilikuwa mbili. Ya kwanza ya Ridha, mwenye duka la vyombo vya umeme Wete, ambaye baada ya kuposa alileta tanuri la umeme ndani ya boksi, lenye taa na kengele. Boksi lilikaa sebuleni wiki tatu, kila mtu akijigonga nalo vidole. Bi Mwatima hakulifungua. "Ukishaokea, umekubali," alisema. Lakini Nadhira alishamwona mara mbili akilipangusa vumbi.

Ya pili ilikuwa ya Himid, kijana wa Makangale anayetembeza wageni katika msitu wa Ngezi. Miaka miwili nyuma Nadhira alipeleka wanafunzi wake wa darasa la tatu kuuona msitu. Watoto waliona popo. Mwalimu wao alimwona Himid, na tangu siku hiyo hakuna mwanamume mwingine aliyemkaa machoni.

"Mtu wa popo," Bi Mwatima alikuwa akisema. "Nimsomeshe mwanangu mpaka ualimu, akaolewe na mtu wa popo!"

"Mama, kwani popo wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Hata yeye hajanikosea. Hajasema neno la kunikosea wala la kunifurahisha. Mara saba kaja nyumba hii, mara saba kasema shikamoo na inshallah. Gogo lile!"

Basi keki itakwenda wapi kesho, Nadhira hakujua. Mama yake alikuwa amefunga mdomo, na kumuuliza alichelea.

"Nitasoma mimi," Bi Mwatima alisema.

Kwenye kigoda karibu na mlango, Bibi Mwanamize, mama yake Bi Mwatima, aliyekatazwa na daktari kufunga na kwa hiyo ndiye muonjaji wa nyumba nzima, alishika kichwa. "Toba! Mwatima, wee husoma kila kitu kama unatangaza msiba. Mwaka ule ulosoma wee, keki ilinywea kwa majonzi."

"Basi asome Nadhira."

"Nadhira anapiga mayai. Au unataka Ridha amletee na kitabu chenye kengele?"

Pale pale nje pikipiki ikazimwa. "Hodi hodi! Asalam alaykum!"

Nadhira aliijua sauti hiyo hata angekuwa usingizini. Chekecheo lilimponyoka, unga ukamjaa magotini.

Himid alisimama kwenye mlango wa ua, mrefu, kofia imekaa upande, trei ya mayai thelathini mikononi kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga. Mzee Khatib alitokea nyuma yake akiwa hana haya hata chembe, akainua daftari: *Nimemwita mimi. Mayai na sauti.*

Bi Mwatima alilisoma lile daftari mara mbili, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo, lau lingeitazama mbingu usiku wa jana, mwezi ungeandama wenyewe.

"Shikamoo Mama," Himid alisema.

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Inshallah."

"Sikukuuliza kesho. Leo unajua kusoma?"

"Najua, Mama."

"Utakaa huko nje, nyuma ya kiambaza. Wanaume hawaingii jikoni kwangu. Usome kwa sauti, usikimbie, usilale. Sura ya saba usiianze mpaka nikuambie. Ukikosea kurasa, umekosea keki."

Kiambaza cha jiko kilikuwa cha makuti, na makuti yale yalikuwa ya mwaka juzi. Palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani ya chai karibu na pale Nadhira alipokaa. Hakulitengeneza yeye. Ila hakuwahi kumwambia mtu liko.

Himid alikaa kwenye benchi upande wa pili, akafungua kitabu, akakohoa.

Mwanzo alisoma vibaya, kwa sauti ile ya kutembeza wageni, mpaka ungetazamia aseme upande wa kulia mtauona mti wa mpira wa porini. Nadhira alipiga mayai huku akijing'ata mdomo asicheke. Lakini ukurasa wa pili sauti ikatulia. Wa tatu ikapata joto. Baharia alipomwona msichana sokoni mara ya kwanza, Himid alisoma polepole, akainua macho, na kupitia kwenye lile tundu macho yao yakakutana. Nadhira alisahau mayai. Mkono ulisimama hewani na povu linamdondokea miguuni.

"Piga!" mama yake alimgutusha. "Ukurasa haujesha!"

Alipiga. Mashavu yalimwaka kuliko jiko.

"Kumbe ntoto ana sauti huyu," Bibi Mwanamize alisema. "Mume wangu wee, ulikuwa umeificha wapi?"

"Soma, usimjibu," Bi Mwatima alisema. Lakini Nadhira aliona kwamba mama yake amekaa. Bi Mwatima hakai siku ya kuoka.

Mayai yakaumuka, siagi ikalainika, unga ukaingia na hiliki yake. Bibi akaonja, akasema sukari haitoshi, kama asemavyo kila mwaka, na kama kila mwaka hakuna aliyemsikiliza. Rojo likamiminwa kwenye sufuria. Bi Mwatima mwenyewe alipalia makaa juu ya bati, akajifuta mikono.

"Sura ya saba," alisema. "Bismillahi."

Himid akaanza. Meli ikatia nanga, baharia akashuka. Harufu ya keki ikaanza kupanda, na wewe mwenye saumu unajua harufu ya keki ya saa tisa na nusu alasiri inavyotesa. Mzee Khatib, aliyekaa karibu na Himid, alifumba macho kwa subira. Baharia alimkuta msichana kisimani. Akamwambia yale maneno yake mazuri, kwamba bahari saba hazikumtuliza ila jina lake.

"Rudia hapo," Bibi Mwanamize alisema.

Mzee Khatib alipokuwa msomaji, aliijua dawa ya jambo hili. Angerudia, kisha angeruka aya mbili za habari ya upepo, sura ikabaki na urefu wake. Himid hakuambiwa. Alilelewa kwamba mtu mzima akisema rudia, unarudia.

Akarudia.

"Tena, mume wangu. Masikio yangu hayo, ya zamani."

Akarudia tena. Na sasa alikuwa anamtazama Nadhira kwenye tundu, na Nadhira hakuondoa macho, wala hakutaka. Mikono yake ilikuwa imemaliza kazi, moyo ndio ulikuwa kazini.

Himid akaendelea. Ila hakufunua ukurasa.

"'Mimi si mtu wa maneno,'" alisoma, au alijifanya kusoma. "'Watu huniona niko kimya wakadhani sina ndani. Lakini kila siku nikiwa msituni nikaona kitu kizuri, ndege, au ua lililochanua, jana halikuwapo, kitu cha kwanza natafuta nani nimwonyeshe. Na mwaka wa pili huu, ninayemtafuta ni mmoja.'"

Nadhira alikijua kitabu kile kwa moyo tangu hajavunja ungo. Maneno yale hayamo.

"'Nimekuja kwenu mara saba,'" Himid aliendelea, sauti imeshuka. "'Kila mara najipangia njia nzima nitakayosema. Nikifika mlangoni nikamwona mama yako, yanaanguka yote. Ninarudi nayo kwenye pikipiki, nayasema peke yangu mpaka Konde.'"

"Hebu," Bibi Mwanamize alisema. "Huyu si baharia? Msituni kaingia saa ngapi? Na pikipiki hiyo?"

Mzee Khatib alifumbua jicho moja, akatazama kitabu mapajani mwa Himid, akatazama uso wa Himid. Akalifumba tena.

"Kitabu kina mengi, Bibi," Nadhira alisema haraka.

"Mie mwaka wa thelathini nakisikiliza!"

"Nyamazeni!" Bi Mwatima alisema. Alikuwa ameinama mbele, khanga imemteleza kichwani. "Acheni aseme. Kisha?"

"'Kisha,'" Himid alisema, na hapo hata kujifanya kukaisha, kitabu amekifunga kidole ndani, "'nikifika nyumbani mama yangu huniuliza, umewaambia? Nami humwambia, kesho. Sitaki kuwa mtu wa kesho tena.'"

Nadhira alijifuta machozi kwa kiwiko, akajipaka unga usoni. Hakuna aliyetikisika.

Kisha Bibi Mwanamize akainua pua. "Jamani. Msichana keshapokea barua?"

"Bado," Himid alisema.

"Basi mbona naisikia keki kama imeshafika sura ya kumi na mbili?"

Bi Mwatima aliruka. Akalitwaa bati kwa khanga, makaa yakamwagika, moshi ukapanda mpaka makutini. Ndani ya sufuria keki ilikuwa imeumuka vizuri kuliko mwaka wowote, ya mviringo, ya fahari, na juu nyeusi kama kigae.

"Mayai kumi na mawili!" Bi Mwatima alilia. "Kesho Idi, wewe! Kesho!"

"Tuoke nyingine, Mama," Nadhira alisema.

"Kwa makaa yapi? Haya ndiyo yaliyobaki, yamezagaa sakafuni. Kabla ya magharibi utawasha moto gani wa keki?" Akasimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, kifua kinapanda na kushuka. Kisha macho yake yakaenda polepole mpaka mlangoni, yakapita, yakafika sebuleni. "Nadhira. Kafungue lile boksi."

Ukishaokea, umekubali. Kila mtu pale alijua, isipokuwa Himid wa watu, ambaye kwao Makangale keki ni keki na biskuti ni biskuti.

"Mama..."

"Kafungue. Umeme upo. Keki lazima ipatikane."

Maisha yake yote Nadhira hakuwahi kumkatalia mama yake. Alisimama, unga umemjaa kuanzia nyusi mpaka magoti, akaisikia sauti yake inatoka yenyewe.

"Sifungui."

"Unasemaje?"

"Sifungui, Mama. Utanisamehe, na ni mwezi mtukufu. Nitakula biskuti tupu Idi zote mpaka nizeeke, lakini boksi lile silifungui."

"Mama," Himid alisema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kofia mkononi, mguu mmoja umevuka kizingiti. "Kosa si lake. Ni langu. Nimeongeza maneno."

"Najua umeongeza! Unadhani mie kiziwi? Baharia wa pikipiki!"

"Basi nigombeze mimi."

"Nitakugombeza. Lakini kwanza," na Bi Mwatima akamnyooshea kijiko cha mti, "hayo maneno ulikuwa unamwambia nani? Usinitajie msichana wa kisimani. Nitazame mie."

Himid alimeza mate, akakumbuka amefunga, akaona haya. "Nadhira, Mama."

"Sema vizuri."

"Nampenda Nadhira. Nataka kumuoa. Sina duka. Nina mshahara wangu wa msitu, na shamba la mama, na kuku. Wageni nawazungumza kutwa bila kuchoka, lakini nikifika kwako naogopa, kwa sababu wageni wakinikataa wataondoka kwa meli. Wewe ukinikataa, mimi nitabaki hapa hapa Pemba."

Bibi Mwanamize alijifuta jicho. Huko nje Mzee Khatib aliinua daftari juu ya kiambaza, tupu, kwa kuwa machozi yalimfanya akosee upande.

Bi Mwatima alikiweka kijiko. Kisha akakaa chini.

"Mimi popo sina ugomvi nao," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kugombeza. "Nilikuwa naogopa jambo moja. Makangale ni mbali. Nikawaza, mwanangu ataondoka nyumba hii yenye makelele, akakae na gogo, asubuhi shikamoo, jioni inshallah. Atakauka. Nilikuwa nataka nikusikie useme. Na umechagua kusema siku ya keki!"

"Nitalipa mayai, Mama."

"Nyamaza, sasa umezidisha." Akainuka, akaipindua sufuria juu ya sinia. Keki ikatoka nzima, kitako chake cha dhahabu, kichwa chake makaa. Akaitazama huku na huku. "Haya. Ridha ni mtu wa watu, hajanitendea ubaya. Siwezi kumpelekea mtoto wa wenyewe keki iliyoungua, nitamwangalia vipi mama yake? Ridha atapelekewa biskuti. Zile za karafuu, zilizo nzuri. Na boksi lake juu, na shukrani nyingi. Na hii..." Akaifunika kitambaa cheupe, akamsukumia Himid mikononi. "Aliyeiunguza ndiye aibebe, tena leo leo, Idi asiingoje. Ondoka nayo. Usiikate."

Nadhira alishika nguzo. Bibi Mwanamize alipiga kigelegele kilichoruka nyumba tatu.

Himid aliipokea keki, akajiinamia. Akatoka uani kama aliyefukuzwa shule. Nadhira alimfuata mpaka mlango wa nje, na mama yake, aliyemwona, alikuwa na shughuli kubwa ya kuokota makaa.

"Amekasirika sana," Himid alisema kwa sauti ndogo.

"Sana."

"Hata Bibi ananishangilia nikifukuzwa." Akaitazama ile keki. "Basi ndo nimekwisha, Nadhira. Mwenzangu biskuti za karafuu, mimi kigae. Nilijua tu nikifungua kinywa nitaharibu."

Nadhira alicheka. Alicheka na machozi yakimtoka, unga usoni ukafanya michirizi, na Himid alimtazama kama mtu asiyejua akimbie au apige magoti.

"Himid. Nisikilize. Nyumba hii, biskuti ndo hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana ya posa. Anayekataliwa hupewa biskuti. Anayekubaliwa hupewa keki nzima, haikatwi, anakwenda nayo kwao."

Himid alisimama. Akaitazama keki. Akamtazama yeye. Akaitazama keki tena, na midomo ikawa inatembea bila sauti, sawasawa na Mzee Khatib asubuhi.

"Hii?" hatimaye alisema.

"Hiyo."

"Hata ikiwa imeungua?"

"Ikiwa nzima, ni nzima."

Kutoka jikoni Bi Mwatima akapaza sauti. "Na asiikwangue! Mama yake aione ilivyo, ajue amezaa nini!"

Himid alifumbata lile sinia kifuani kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu. Nadhira alikiona kinamjaa, kinapanda, kinafika kooni. Siku hiyo alikuwa ameshasema mengi kuliko miaka yake miwili, na yaliyobaki yalikuwa makubwa kuliko mdomo.

"Inshallah," alisema.

"Inshallah," Nadhira alimjibu.

Akageuka, akashika njia ya Konde kwa mguu, mgongo umenyooka, keki mbele, akiwasalimu watu aliowajua na asiowajua. Nadhira alisimama mlangoni akimtazama akipungua. Bibi Mwanamize alijikokota akaja kusimama kando yake, akashika kiuno.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema, "na ile pikipiki?"

Pikipiki ilikuwa pale pale chini ya mdimu, ufunguo unaning'inia.

"Nimwite?" Nadhira aliuliza.

"Mwache aende. Mbali kote huko hakuoni. Akifika kwao na keki yake, ndipo atakapojiuliza amekwendaje."

Nadhira hakumwita.